Samaki Kumi na Nne wa Kismayu

Jumamosi, 8 Aprili 1967

Nimefika nyumbani kwa likizo jana alasiri juu ya magunia ya mahindi, katika msafara wa malori sita wenye askari mbele na nyuma. Tangu Hola, kila lori la mbele lilipopunguza mwendo, mzee aliyekaa kando yangu alianza shahada, akaishia katikati, akaanza tena.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu humu nyumbani hakuna anayekisoma. Aabo, yaani baba yangu, anasoma herufi za Kiarabu tu, na hooyo, mama, hasomi kabisa. Kwa Kiingereza siwezi. Kiingereza changu ni cha mtihani, hakijui kuogopa.

Nimeleta vitu viwili ambavyo sijamwonyesha mtu. Cha kwanza ni chupa ya spiriti yenye visamaki viwili, kila kimoja urefu wa kidole changu cha mwisho. Cha pili ni ramani. Mwalimu Menezes, anayetufundisha bayolojia kule Mombasa, anataka kujua kisamaki hiki kinaishi kuanzia wapi hadi wapi. Wenzangu wa pwani kila mmoja amehesabu kwenye miamba ya kwao maji yakipwa, akaleta namba. Kwetu hakuna bahari, na mwandiko wangu ni safi, basi nikapewa kazi ya kuchora. Kila mahali nukta, na kando ya nukta namba. Mombasa 31. Malindi 9. Lamu 22. Kiunga 6. Kismayu 14.

Ya Kismayu nilipewa na mwenzangu wa dawati. Ami yake anakaa kule, alihesabu, akamwandikia. Jina la mwenzangu silitaji humu. Kismayu ni upande wa pili wa mpaka, na siku hizi barua ya upande wa pili ni kesi.

Ningeionyesha familia kazi yangu, lakini ni samaki. Hapa mtu akitaka kumtukana mwenzake pamoja na ukoo wake wote, anamwambia, nyinyi wala samaki. Ayeeyo, bibi yangu, husema mla samaki akikamua ngamia, maziwa yanaganda kwenye chuchu.

Na mimi shuleni nimekula. Mara tatu. Sijawahi kuliandika hili popote.

Jumatatu, 10 Aprili

Aabo alikwenda sokoni kuuza ngozi, nikafunga mlango nikahesabu upya. Pezi la mgongo ni moja refu, limebonyea katikati. Miiba migumu 13, milaini 20. Pezi la chini, 2 na 21. Ngozi haina gamba hata moja, inateleza kama sabuni. Juu ya macho kuna vinyuzi viwili kama kope. Meno ni membamba na yamejipanga kama kitana. Ubavuni kuna mistari myeusi iliyofifia kwa spiriti. Namba zote nimeziandika pembeni mwa ramani kwa herufi za mkato kama Mwalimu anavyotaka: D 13+20, A 2+21.

Nilifurahi kwa muda wa saa nzima. Halafu gari la jeshi likapita, nikaingiza kila kitu chini ya mkeka.

Alhamisi, 13 Aprili

Mvua za Gu, yaani masika, zimeanza. Paa linavuja upande wangu tu. Ramani iliingia maji kwenye pembe ya Malindi, basi nimeikunja na kuiweka ndani ya sanduku la bati la aabo, chini ya vibali vyake vya mifugo. Kavu kabisa mle. Nitaitoa nikienda shule.

Jumamosi, 15 Aprili

Ayeeyo ameiona chupa. Aliifungua, akanusa.

"Awil! Hii ni pombe!"

"Si pombe, ayeeyo. Ni dawa ya shule."

"Dawa yenye watoto wa nyoka ndani?" Akaitikisa mbele ya jua. "Wanakufundisha uchawi huko Mombasa kwa Wahindi?"

Nilitaka kumwambia ni samaki. Nikaona afadhali nyoka. Alikwenda mwenyewe hadi mtoni na fimbo yake, akamwaga kila kitu, akaivunja chupa kwa jiwe. Aliporudi aliniambia hatamwambia aabo, kwa sababu aabo angenipiga na mimi ni mwembamba.

Jumapili, 16 Aprili

Mvua. Sikutoka.

Jumatano, 19 Aprili

Lori limekanyaga bomu lililozikwa barabarani, upande wa kaskazini. Askari wamekufa, wengine wanasema wanne, wengine tisa. Kutoka saa sita watu walianza kufunga maduka bila kuambiwa. Hooyo amepika chakula cha siku mbili. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Kesho hakutakuwa na moto," akaendelea kukoroga.

Alhamisi, 20 Aprili

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Askari walikuja baada ya alfajiri. Wanaume wote wa mtaa walitolewa nje wakakalishwa kwenye matope, mikono kichwani. Daftari hili lilikuwa kiunoni mwangu, limefungwa ndani ya macawis, shuka niliyovaa, na nililisikia likiloa jasho. Nilikuwa na hakika watalisikia pia.

Waliingia kwetu watatu. Walipekua vyungu, magodoro, gunia la mtama. Kisha wakatoka na sanduku la bati. Inspekta wao ni mtu mfupi wa miwani, haongei kwa sauti kubwa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alitoa vibali vya mifugo kimoja kimoja. Halafu akakunjua ramani yangu, akaitazama muda mrefu huku mvua ikinyunyiza juu ya Lamu.

"Mzee, hii ni ya nani?"

Aabo aliitazama kama mtu anayeonyeshwa kitu cha nyumba nyingine. "Sijui, bwana mkubwa."

"Iko ndani ya sanduku lako na huijui. Kismayu kumi na nne. Kumi na nne nini? Bunduki? Watu?"

Nikasema, "Ni samaki."

Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kusema mbele ya watu wengi hivyo. Sauti ilitoka kama ya mbuzi. Majirani wote waligeuka.

"Samaki," Inspekta akasema.

"Ni kazi ya shule. Hizo ni idadi za samaki. Na hizo pembeni ni miiba ya pezi."

"Wako wapi hao samaki?"

"Walikuwa kwenye chupa. Hawapo tena."

Akamgeukia aabo. "Mzee, kijana anasema mlikuwa na samaki humu. Ni kweli?"

Sasa nieleze jinsi aabo alivyokuwa. Amekaa kwenye matope, kilemba kimemwanguka, na mbele yake wanaume thelathini anaouziana nao ngozi na samli tangu ujana wake. Na mtu anamuuliza kwa sauti kama nyumbani kwake kuna samaki. Nadhani hakulisikia kama swali. Alilisikia kama tusi. Alinyanyuka nusu, askari akamsukuma chini, na akiwa chini vile vile akainua kidole. Aabo akikasirika p yote inageuka b.

"Wallahi billahi! Hii nyumba yangu samaki haijaingia. Hata harufu yake haijabita haba mlangoni. Sisi ni watu ya ngamia, bwana!"

Wanaume kadhaa wakaitikia, "Wallahi ni kweli." Walidhani wanamsaidia.

Inspekta alikunja ramani taratibu. "Mtoto anasema samaki, baba anaapa hakuna samaki. Basi hii karatasi si ya samaki."

Hapo ndipo ningesema. Ningesema: aabo hakujua, nilimficha. Maneno nilikuwa nayo, kwa lugha tatu. Aabo alinitazama, si kwa hasira, ila kama anayeuliza, na mimi nikatazama matope.

Wamemchukua.

Ijumaa, 21 Aprili

Wanaume kama arobaini wamewekwa kwenye uwanja wenye senyenge nyuma ya kituo cha polisi. Hooyo amepeleka chai. Amesema wenye makosa madogo wataachiliwa, na wenye karatasi watapelekwa gereza la mbali. Lori haliwezi kuondoka kwa sababu mto umepanda na barabara ya ng'ambo iko chini ya maji.

"Wenye karatasi ni wangapi?" nikauliza.

"Mmoja," akasema hooyo.

Jumamosi, 22 Aprili

Mvua. Mto umepanda. Alhamdulillahi.

Jumapili, 23 Aprili

Mvua kubwa. Mbuzi wawili wa jirani wamesombwa. Watu wanalia shida na mimi naomba inyeshe zaidi. Naomba kwa Kiarabu, kisha narudia kwa Kisomali, nisije nikawa nimekosea.

Jumatatu, 24 Aprili

Nilipeleka chai mimi badala ya hooyo. Aabo alikuja kwenye senyenge. Nilidhani atauliza kuhusu karatasi. Aliuliza kama paa bado linavuja upande wangu.

Zamani nilidhani aabo ni mtu mkali asiye na la kusema. Sasa naona ni mtu asiyeuliza jambo analodhani litamuumiza anayejibu. Nilirudi nyumbani nimejaa maneno kama kibuyu.

Mlinzi wa lango ni koplo mmoja mnene anayeitwa Kitsao. Aliinusa chai, akaniambia, "Iliki nyingi hivi! Mnataka kutuhonga kwa pua?" Nilikimbia bila kujibu. Namwogopa hata akicheka.

Jumatano, 26 Aprili

Manyunyu tu.

Alhamisi, 27 Aprili

Jua. Watoto wanacheza mtoni pale ambapo jana palikuwa na maji. Ayeeyo anasema mto ukishuka huwa unashuka kwa haraka.

Nilimwuliza, "Ayeeyo, ile chupa. Ungeweza kuwaambia askari uliiona?"

"Ningewaambia nini? Kwamba mjukuu wangu analea nyoka?"

Ijumaa, 28 Aprili

Jua tena. Hooyo amesikia lori litaondoka Jumatatu. Sikuweza kula. Hofu yangu kubwa si kupigwa, naandika ukweli. Ni kwamba Inspekta ataniuliza nani alinipa namba ya Kismayu. Nikimtaja, watamtoa mwenzangu darasani, na ami yake atakuwa shifta, mpiganaji wa waasi, kabla ya adhuhuri. Nikikataa kumtaja, aabo anapanda lori. Nimegeuza jambo hili tangu asubuhi. Kila upande una mtu.

Jumamosi, 29 Aprili

Nilikwenda.

Koplo Kitsao aliniuliza nataka nini. Nikamwambia nataka kumwona Inspekta kuhusu samaki. Alicheka hadi akashika lango, kisha akaniona uso, akaacha kucheka, akaniingiza.

Inspekta alikuwa na ramani mezani, imewekewa jiwe kila pembe. Nilisema yote kwa pumzi moja: kwamba karatasi ni yangu, kwamba niliiweka sandukuni kwa sababu ya kuvuja, kwamba nilimficha baba yangu samaki kwa sababu kwetu ni aibu, kwa hiyo alipoapa aliapa alichokijua. Nilipofika kwenye chupa, aliuliza bibi yangu aliimwaga wapi. Nikasema mtoni. Akapanguza miwani.

"Koplo, wewe ni mtu wa pwani. Muulize huyu."

Kitsao akavuta kiti, akaketi karibu sana nami. "Haya, Msomali wa samaki. Maji yakitoka mwambani, huyo samaki wako anaenda wapi?"

"Haendi. Anabaki kwenye kidimbwi. Ukimkaribia anaruka hadi kidimbwi kingine, juu ya jiwe kavu."

"Ana magamba?"

"Hana. Anateleza."

"Ukimshika?"

"Anauma."

"Anauma!" Kitsao akapiga paja. "Afande, anauma huyo shetani! Mimi nimekulia Takaungu, aliniuma hapa nikiwa mdogo." Akanionyesha kidole gumba kana kwamba alama bado ipo. "Analiwa?"

"Hata paka hamtaki."

"Hata paka! Afande, huyu kijana amemwona. Haya hayasomwi kitabuni."

Kwa mara ya kwanza baada ya siku tisa nilivuta pumzi hadi chini. Inspekta akasema aabo aletwe. Akaja amefungwa mikono kwa kamba, amekonda, ndevu zimemjaa, akasimama kando ya mlango. Hakunitazama.

Kisha Inspekta akaweka kidole juu ya nukta ya kaskazini.

"Mombasa nimekubali. Malindi, Lamu, Kiunga, una wenzako huko. Hii je? Nani alikuhesabia Kismayu?"

Kitsao alitazama sakafu.

"Hakuna mtu," nikasema.

"Namba imetoka wapi?"

"Niliitunga."

"Ulitunga."

"Mwalimu alisema samaki huyu anapatikana hadi kaskazini. Ramani ilikuwa na nafasi tupu huku juu. Niliona haya kumpelekea nafasi tupu. Nikaandika kumi na nne."

"Kwa nini si kumi? Kwa nini si ishirini?"

"Kumi ingeonekana imetungwa."

Sijui lilitoka wapi jibu hilo. Lilinyooka kama la mtu mwingine. Inspekta alinitazama, kisha kwa mara ya kwanza akatabasamu, tabasamu la mtu aliyewahi kufanya hivyo hivyo shuleni. Lakini hakuishia hapo. Alimwita karani alete msahafu.

"Baba yako aliapa. Na wewe uape. Apa kwamba hakuna mtu wa Kismayu aliyekupa namba hii."

Niliomba kutawadha kwanza. Waliniletea kopo la maji. Nilitawadha polepole kuliko siku yoyote, nikitumaini jambo fulani litatokea, gari litakuja, mvua itaanza. Hakuna kilichotokea. Nikaweka mkono wa kulia juu ya msahafu na nikaapa kwa Mwenyezi Mungu, aabo akiwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu.

Inspekta akachukua wino, akaifuta Kismayu kwa mistari miwili. Akanipa karatasi niandike maelezo, mara moja kwa Kiswahili, mara moja kwa Kiingereza: kwamba mimi, Awil Ahmednoor, kidato cha pili, nilimdanganya mwalimu wangu kwa kutunga idadi. Nakala itapelekwa shuleni. Mwalimu Menezes aliwahi kusema darasani kwamba namba zangu haangalii mara ya pili.

Aabo alitolewa kamba. Lakini ilibidi apite uwanjani kuchukua blanketi lake, na Inspekta akamfuata hadi kwenye senyenge.

"Mzee, sema mwenyewe. Nyumbani kwako kulikuwa na samaki au hakukuwa?"

Wanaume wakasogea. Aabo akainama akaokota blanketi.

"Kulikuwa," akasema.

Kulow, jirani yetu muuza mbuzi, ambaye hata akiwa mahabusu ulimi wake hauna kufuli, akapiga kelele, "Ahmednoor! Kumbe kwako ni bandarini na hukutualika!" Wakacheka wote, hata waliokuwa wagonjwa. Aabo akakunja blanketi likawa dogo sana, akalibana kwapani, tukatoka.

Njiani niliteleza mara moja kwenye tope akanishika kiwiko, akaniachia.

Jumapili, 30 Aprili

Asubuhi aabo alikataa chai.

"Niliapa kwa Mungu jambo lisilokuwa kweli," alimwambia ayeeyo. "Nina kafara."

"Hukujua! Asiyejua hana dhambi."

"Nilimtaja Mungu mbele ya watu. Kulisha maskini kumi hatuwezi sasa. Nitafunga siku tatu."

Mimi pia sikunywa chai. Sikuwa nimepanga iwe hivyo, nilijikuta tu nimeshika kikombe na siwezi kukipeleka mdomoni, kwa sababu aabo kama aliapa uongo bila kujua, basi mimi nilijua. Nilikirudisha kikombe kimya kimya. Nikatumaini hakuna aliyeona.

Adhuhuri hooyo aliweka sahani ya mtama mbele yangu. Nikasema tumbo linauma. Ayeeyo akanishika paji la uso.

"Hana homa. Kula, wewe. Mwenye kafara ni baba yako, wewe unajinyima nini?"

Nilihisi uso unawaka. Nikitoa sababu nimejifichua, na nisipotoa sababu nimejifichua pia. Aabo alikuwa amelala ubavu, uso ukutani, nilidhani amesinzia.

"Mwache, mama," akasema bila kugeuka. "Anafunga na mimi. Nilimwomba."

Hakuniomba.

Magharibi ayeeyo na hooyo walikwenda ndani kutawadha, tukabaki wawili kwenye mkeka na bakuli moja la maji. Mtoni kulikuwa na mlio wa lori, likijaribu kuvuka, linakwama, linajaribu. Aabo alilisikiliza hadi likanyamaza.

"Yule mtoto unayekaa naye dawati moja," akasema. "Uliwahi kumsimulia mama yako. Wa kutoka kule. Jina lake nani vile?"

Nilimtazama usoni na sikuona chochote cha kunisaidia. Nilifikiri labda wamemwambia aniulize. Nilifikiri jambo hilo kuhusu baba yangu mwenyewe, na naliandika hapa ili niliogope.

"Nimesahau, aabo."

Alinitazama muda mrefu. Adhana ikaanza.

"Vizuri," akasema. "Endelea kusahau."

Akanipa maji nianze mimi. Kumebaki siku mbili.